Usikimbilie koleo, jino bovu bado linaweza kuokolewa

Maumivu ya jino yana tabia moja mbaya: hupenda usiku. Mchana jino lilikuwa linawasha kidogo tu, unatafuna upande wa pili na maisha yanaendelea. Ikifika saa nane usiku, keja imetulia, jirani amezima redio, jino linaanza kupiga ngoma mpaka sikio linauma. Unatafuta karafuu. Unasukutua maji ya chumvi. Unameza tembe mbili, baada ya saa moja unameza nyingine. Kwa WhatsApp kuna mse anakuambia uweke tone la pombe kali, mwingine anakuambia mafuta ya taa. Kufikia asubuhi umeshaapa: hili jino litoke leo leo.

Hivyo ndivyo vijana wengi wa mtaani huingia kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza maishani. Hawaendi kuuliza jino linaweza kufanyiwa nini. Wanaenda uamuzi ukiwa tayari: "Daktari, ng'oa tumalizane." Na kwa kuwa kung'oa ndiyo huduma ya bei ya chini kabisa na haichukui muda, jino linatoka, mtu anauma pamba, anapanda matatu, anarudi kazini.

Nataka tuongee kuhusu hiyo "tumalizane". Jino likishatoka hamjamalizana. Mnaanza upya, na safari hii kwa gharama kubwa zaidi. Mimi si daktari, na chuo chenyewe sikukimaliza. Lakini nimesindikiza wasee wa kutosha kwenye mabenchi ya kliniki, nikasoma na kuuliza maswali, hadi nikaona kuna mambo ambayo kila kijana anafaa kuyajua kabla koleo halijatolewa kwenye trei.

Hauko peke yako

Kwanza, ondoa aibu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema karibu watu bilioni 3.7 ulimwenguni wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu ana meno yaliyooza. Ukipanda mathree ya abiria kumi na wanne, fanya hesabu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuchukulia jino kama taa ya baiskeli: likiharibika, litolewe. Mguu ukiuma hakuna anayekimbilia kuukata. Jino nalo ni kiungo cha mwili, lina damu, lina mishipa ya fahamu, na lina hatua kadhaa za kuharibika. Kila hatua ina dawa yake. Ukijua uko hatua gani, utajua cha kuomba ukilala kwenye kile kiti.

Shimo linavyoanza

Jino lina tabaka tatu. Nje kuna enameli, kitu kigumu kuliko kingine chochote mwilini, hata mfupa hauifikii. Ndani yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo na yenye vijitundu vidogo mno. Katikati kabisa kuna moyo wa jino, nyama laini yenye damu na neva, inayoshuka mpaka kwenye mizizi.

Kinywani kuna bakteria wanaoishi kwenye ule utando unaonata kwenye meno, tunaouita ukoga. Ukila sukari au wanga, nao wanakula, kisha wanatoa asidi. Asidi hiyo inanyonya madini kutoka kwa enameli. Mate yako yanajitahidi kuyarudisha. Ukila mara tatu kwa siku, mate hupata nafasi ya kufanya kazi. Lakini ukinunua soda saa nne asubuhi ukainywa fundo moja moja hadi saa nane mchana, jino linakaa kwenye asidi muda wote huo. Vivyo hivyo kwa wale wa jaba: saa tano za kutafuna, shavu limejaa, bazuka ya kuondoa uchungu na soda ya kuteremshia. Sukari haiondoki mdomoni, na kinywa kimekauka. Mate hayana nafasi.

Alama ya kwanza huwa ni doa jeupe lililofifia kwenye jino, kama chaki. Hapo bado hakuna shimo. Hapo jino linaweza kujirekebisha kwa msaada wa dawa ya meno yenye floridi, ukipiga mswaki mara mbili kwa siku na kupunguza hizo sukari za kila dakika. Angalia kwenye boksi: dawa ya mtu mzima inafaa iwe na floridi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Ukimaliza kupiga mswaki, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki mdomoni ifanye kazi.

Enameli ikishatoboka, hakuna dawa ya meno itakayoijaza. Enameli haina seli hai, haioti tena kama ngozi au ukucha. Zile video za mitandaoni za mtu anayesugua manjano na mafuta ya nazi kisha shimo linafunga lenyewe ni hadithi tu. Kuanzia hapo, mtu lazima alizibe.

Kuziba: hatua tunayoiruka

Nikisema kuziba, fikiria shimo la barabarani. Mkandarasi mbaya anamwaga lami juu ya matope, mvua ikija inatoka. Mzuri anachimba matope yote kwanza. Daktari wa meno hufanya hivyo hivyo: anakuchoma sindano ya ganzi, anaondoa sehemu iliyooza, anasafisha, kisha anajaza.

Zamani wengi walizibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha, mchanganyiko wa zebaki na madini mengine kama fedha na bati. Ni ngumu na inadumu, wazazi wetu wengi bado wanayo mdomoni. Lakini Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki unataka nchi zipunguze matumizi yake, na kliniki nyingi zimehamia kwenye dawa ya rangi ya jino.

Hii ya pili ni aina ya plastiki ngumu iliyochanganywa na chembe za glasi. Hupakwa ikiwa laini kama ugali mbichi, halafu daktari anaielekezea taa ya buluu kwa sekunde kadhaa inakuwa ngumu. Siri ya kushikana kwake ilianza 1955, wakati Michael Buonocore wa Marekani alipogundua kwamba enameli ikipakwa asidi kidogo inapata mikwaruzo midogo ambayo plastiki inaweza kuishikilia. Ndiyo maana leo hata jino la mbele lililovunjika kona linaweza kujengwa tena na usione mahali lilipounganishwa.

Na kuna njia ya tatu, ambayo inafaa tuijue kwa sababu ilizaliwa hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1980 nchini Tanzania, madaktari wa meno walikuwa wakihudumia watu mahali ambapo hakukuwa na stima wala mashine ya kutoboa. Wakaanza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha wakaziba kwa simenti ya meno inayoshikana na jino bila mashine yoyote. Meno ambayo yangeng'olewa yakabaki. Mnamo Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani, WHO iliitambulisha njia hiyo kwa ulimwengu mzima. Simenti inayotumika sana siku hizi inaitwa glasi ayonoma, na faida yake nyingine ni kwamba inatoa floridi polepole. Mwaka 2021 WHO iliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Hii ina maana gani kwako? Ukiambiwa mashine imeharibika kwa hiyo dawa ni kung'oa tu, uliza kama shimo lako linaweza kusafishwa kwa mkono na kuzibwa kwa simenti. Si kila shimo linafaa, lakini kuuliza hakulipishwi.

Jino likifika moyoni

Sasa tufike pale pa saa nane usiku. Jino linalouma lenyewe bila kuguswa, linalopiga ngoma ukilala, linalokataa chai moto na kubaki likiuma dakika nyingi baadaye, mara nyingi uozo umeshafika kwenye moyo wa jino. Hapo kuziba juu juu hakutoshi. Ni kama kufungia moto ndani ya nyumba.

Karafuu ya shosho, kusema kweli, haikuwa uongo. Mafuta yake yana kemikali inayotia ganzi, na madaktari wenyewe huichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba kwa muda. Lakini inatuliza tu. Pombe kali na mafuta ya taa zinachoma fizi, achana nazo. Tembe za viuavijasumu unazonunua kwa kemisti bila kupimwa nazo hazizibi shimo: uvimbe unashuka, unajiona umepona, baada ya wiki chache unarudi.

Kuna mtego mwingine hapa. Wakati mwingine maumivu huisha yenyewe ghafla, mtu anashukuru Mungu na kusahau. Mara nyingi maana yake ni kwamba neva imekufa. Bakteria hawajaondoka, wanashuka taratibu hadi kwenye mfupa, na siku moja unaamka shavu limevimba na kipele cha usaha kimejitokeza kwenye ufizi.

Hata hapo jino linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi. Daktari anafungua jino kwa juu, anatoa ile nyama iliyokufa au inayokufa, anasafisha mifereji ya mizizi kwa visindano vyembamba na dawa, kisha anaijaza na kuifunga. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Magego huwa na mitatu au zaidi, ndiyo maana yanachukua muda na pesa zaidi. Unaweza kwenda mara moja au mara tatu. Watu huogopa kwa sababu ya stori za mtaani, lakini ganzi ikishika vizuri, kinachouma zaidi ni taya kwa kukaa wazi.

Gego lililotibiwa mzizi linabaki likifanya kazi, lakini limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake na ni rahisi kupasuka. Ndiyo sababu daktari atakuambia uliwekee kofia, ile wanayoiita krauni: ganda la chuma au la kauri linalofunika jino lote. Wengi huruka hii kofia kwa sababu ya ganji, halafu miezi sita baadaye wanauma mahindi choma na jino linapasuka katikati. Hapo kweli linaweza kuwa la kung'olewa.

Hesabu ya pengo

Tuongee pesa sasa, maana ndiyo inayotufikisha kwenye koleo. Bei hutofautiana kutoka kliniki moja hadi nyingine, lakini ngazi zake ni zile zile. Kung'oa ni soo kadhaa kwenye hospitali ya umma au ngiri chache kwenye kliniki ya kibinafsi. Kuziba shimo dogo kunapita hapo kidogo, ngiri chache vile vile. Kutibu mzizi na kuweka kofia kunafika makumi ya maelfu. Jino la kupandikizwa kwenye mfupa mara nyingi linavuka laki moja.

Ukitazama hiyo ngazi juu juu, kung'oa kunashinda. Lakini hesabu haiishii siku hiyo. Jino likitoka, majirani zake wanaanza kuinama kuelekea kwenye pengo. Jino la juu lililokuwa likikutana nalo linateremka, kwa kuwa halina wa kugongana naye. Mfupa wa taya pale palipokuwa na mzizi unapungua. Chakula kinaanza kunasa mahali ambapo hakikuwa kikinasa, na meno ya pembeni yanaanza kuoza. Kuna jamaa tuliyekua naye mtaani aling'olewa gego la chini akiwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa hivi anaelekea thelathini, na upande ule hana matatu.

Kuziba pengo kuna njia zake. Kuna meno bandia ya kutoa na kurudisha, ndiyo nafuu zaidi. Kuna daraja, ambapo jino la bandia linashikiliwa na meno mawili ya pembeni, ambayo lazima yachongwe. Na kuna kupandikiza: skrubu ya titani inaingizwa kwenye mfupa, mfupa unaikumbatia kwa miezi kadhaa, kisha jino linafungwa juu yake. Teknolojia hiyo ilitoka Sweden, ambapo Per-Ingvar Brånemark alimpandikiza mgonjwa wa kwanza mnamo 1965. Zote tatu ni nzuri, na zote tatu ni ghali kuliko kuziba shimo lile dogo ulilolipuuza.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Kila mara jeshi au polisi wanapoandikisha makurutu, vijana hupangwa uwanjani, wanapimwa urefu, wanakimbia, kisha wanaambiwa wafungue mdomo. Wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya meno. Na hata kama hutaki kazi ya bunduki, muulize mtu mwenye pengo la mbele anavyojisikia kwenye usaili wa hotelini au benki. Anajifunza kucheka akiwa amefunika mdomo. Anajifunza kuongea kidogo. Mwajiri anadhani hajiamini.

Ukiwa huna pesa leo

Najua swali lako: sasa nikiwa na soo tano na maumivu, nifanye nini?

Moja, usikubali kwamba chaguo ni kofia ya makumi ya maelfu au koleo. Mwambie daktari ukweli wa mfuko wako. Anaweza kufungua jino, kutoa neva inayouma, na kuziba kwa muda. Maumivu yanaisha na unapata nafasi ya kutafuta pesa za hatua inayofuata. Lakini dawa ya muda ni ya muda kweli. Ukikaa nayo mwaka mzima inatoka na bakteria wanarudi.

Mbili, jua mahali pa kwenda. Hospitali kubwa za kaunti zina idara za meno, na humo utapata pia maafisa wa afya ya kinywa ya jamii waliofunzwa katika vyuo vya KMTC, ambao kazi yao ni pamoja na kusafisha meno na kuziba mashimo. Jijini Nairobi kuna Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Eldoret kuna shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Moi. Kwenye vyuo kama hivi unaweza kuhudumiwa na mwanafunzi anayesimamiwa na daktari. Utakaa kwenye kiti muda mrefu, kwa sababu kila hatua lazima ikaguliwe, lakini kwa kawaida bei huwa ya chini kuliko kliniki ya kibinafsi.

Tatu, kama una bima, uliza inalipia nini kabla ya kulala kwenye kiti, usiulize ukishaamka. Bima nyingine hulipia kung'oa na kuziba lakini hazigusi kofia.

Na kuna hali moja ambayo si ya kusubiri mshahara: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, mdomo kushindwa kufunguka, au shida ya kumeza na kupumua. Hiyo ni dharura. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali usiku huo huo, kwa sababu usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Nduthi ikianguka

Si meno yote huoza. Mengine huvunjika. Ajali ya nduthi, kiwiko kwenye mechi ya Jumapili, kufungua chupa kwa meno ili mbogi ishangilie. Hapa muda ni wa dakika.

Jino la mtu mzima likitoka lote na mzizi wake, litafute. Lishike upande mweupe unaotafunia, usiguse mzizi. Likiwa na vumbi, lisuuze kwa maziwa sekunde chache tu, usilisugue wala usilipanguse kwa kitambaa. Ukiweza, lirudishe kwenye tundu lake likitazama mbele kama lilivyokuwa, uume kitambaa safi polepole, uende kwa daktari. Kama huwezi, litie ndani ya maziwa. Ile pakiti ya dukani inatosha. Usiliweke kwenye maji ya kawaida, wala usilifunge kwenye karatasi likauke. Ukimfikia daktari ndani ya nusu saa, jino lina nafasi nzuri ya kushika tena. Baada ya saa moja likiwa kavu, nafasi inapungua sana. Kwa mtoto mwenye meno ya maziwa, usilirudishe, mpeleke tu apimwe.

Likivunjika kipande tu, beba hicho kipande. Mara nyingine daktari hukibandika pale pale kilipotoka.

Meno ya kahawia si uchafu

Kuna kundi lingine lenye meno mazima kabisa lakini linaona haya kucheka. Ni wale waliokulia Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro, hadi Baringo, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Maji ya huko, hasa ya visima, yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi. WHO inashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Mtoto akinywa maji yenye zaidi ya hapo wakati meno yake yanaundwa ndani ya ufizi, yanatoka na madoa meupe au ya kahawia, na yakizidiwa yanakuwa na vishimo.

Ndiyo, ni ile ile floridi inayosaidia kwenye dawa ya meno. Kidogo kwa nje inalinda, nyingi kupitia tumboni utotoni inaharibu.

Kwa hiyo mtu akija Nairobi kutoka Nakuru, acha kumuuliza kama hapigi mswaki. Na wewe mwenye hayo meno, acha kuyasugua kwa majivu, makaa au ndimu. Rangi iko ndani ya enameli, utaimaliza enameli na rangi ibaki. Daktari anaweza kung'arisha tabaka la juu kabisa kwa dawa maalum, kuyafanya meupe kwa kipimo, au kuyafunika kwa ile plastiki ya rangi ya jino. Kama madoa ni makubwa kuna vinia, vigamba vyembamba vinavyobandikwa mbele. Na kama una mtoto mdogo nyumbani huko, kuchemsha maji hakuondoi floridi. Tafuta maji ya mvua, au kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimetumika Nakuru kwa miaka mingi.

Jihadhari na fundi wa TikTok

Mwisho, kuna hawa wanaobandika vinia na bresi za fasheni kwenye saluni na vyumba vya kukodi, bei ya kutupa, malipo kwa M-Pesa. Wengine huchonga meno mazima ili vigamba vikae. Enameli iliyochongwa hairudi. Wengine hubandika kwa gundi ambayo hujui imetoka wapi, ukoga unajikusanya chini yake, na baada ya miezi michache fizi zinavuja damu.

Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, lina orodha ya madaktari kwenye tovuti yake. Andika jina la mtu, tazama kama lipo. Leseni hutolewa kila mwaka, na kliniki yenyewe inafaa kuwa na yake ukutani. Daktari wa kweli hatakasirika ukimuuliza.

Na ukishaketi kwenye kiti, kuna maswali manne ambayo nadhani kila kijana anafaa kuyauliza. Uozo umefika wapi, kwenye enameli, dentini, au moyoni? Picha ya eksirei inaonyesha nini? Kuna njia gani za kuliokoa na kila moja ni pesa ngapi? Na tukiling'oa, pengo tutalifanyia nini? Akikujibu hayo yote kisha akuambie jino limepasuka hadi mzizini na dawa ni kulitoa, basi litolewe. Kung'oa nako ni matibabu, pale ambapo hakuna kingine kilichobaki.

Lakini kama unasoma hii na jino linawasha kidogo tu ukinywa maji baridi, bado uko kwenye ngazi ya ngiri chache. Piga simu kliniki leo, uliza bei ya kuziba, na uende kabla ya mwisho wa mwezi.